Dawa ya maji ya mtoto: Soma nambari kabla ya kushika kijiko

Usiku kucha mtoto amelia akishika sikio. Asubuhi mama anamfunga mgongoni na kwenda moja kwa moja kwenye kemisti iliyo karibu na steji. "Daktari, nipe ile dawa ya maji ya nguvu, ile aliyopewa mtoto wa jirani." Muuzaji, ambaye huenda si daktari wala mfamasia, anauliza umri wa mtoto, anatoa kisanduku, anaandika "1x3" kwa kalamu na kupokea pesa. Moja ya nini, mara tatu kwa siku ngapi? Hapana aliyesema.

Dawa hiyo "ya nguvu" aghalabu ni dawa mbili zilizochanganywa katika chupa moja: amoksilini na asidi ya klavulaniki. Ilianza kuuzwa Uingereza mwaka wa 1981 kwa jina Augmentin, na leo kampuni nyingi huitengeneza kwa majina tofauti tofauti.

Kwa nini dawa mbili? Amoksilini ni ya jamii ya penisilini. Huua bakteria kwa kuharibu ukuta unaowazunguka. Baadhi ya bakteria nao wamejifunza kutoa kimeng'enya kinachoivunja amoksilini kabla haijafanya kazi. Hapo ndipo asidi ya klavulaniki inapoingia. Chukua mfano wa watu wawili wanaotaka kupita katika boma lenye mbwa mkali: mmoja anajitoa kuumwa na mbwa ili mwenzake apite salama. Asidi hiyo hukishika kimeng'enya na kukimaliza nguvu, nayo amoksilini ikaendelea na kazi yake. Yenyewe haiui bakteria kwa kiasi cha kutegemewa.

Kutokana na hayo msomaji ataona kwamba mchanganyiko huu si bora kuliko amoksilini ya kawaida kila wakati. Bakteria wanaosababisha maumivu makali ya koo, na wale wanaoongoza kwa kuleta nimonia kwa watoto, hawatoi kimeng'enya hicho. Kwao asidi ya klavulaniki haiongezi chochote ila gharama na kuhara. Ndiyo maana mtoto mwenye nimonia isiyo kali huanzishiwa amoksilini pekee. Mchanganyiko hutumika, mathalani, sikio lisiposikia amoksilini, katika baadhi ya maambukizi ya njia ya mkojo, au mtoto anapoumwa na mbwa. Ama mafua na kikohozi cha kawaida huletwa na virusi, na hakuna dawa ya kuua bakteria itakayoviondoa, iwe ya bei gani.

Kwa hivyo anza kwa kumpeleka mtoto zahanati. Nchini Kenya dawa hizi ni za kuuzwa kwa karatasi ya daktari, hata kama kemisti nyingi hazijali. Tena usingoje ikiwa mtoto wa kati ya miezi 2 na 11 anapumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 mara 40 au zaidi, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi.

Ukiwa huko, hakikisha mtoto amepimwa uzani, kwa sababu kipimo cha dawa hii hutegemea kilo na si umri tu. Mweleze daktari ikiwa mtoto aliwahi kuvimba au kutokwa na vipele baada ya kupewa penisilini yoyote. Mtoto wa aina hiyo hapaswi kupewa dawa hii. Mwambie pia ikiwa aliwahi kuwa na manjano ya macho baada ya kuitumia.

Sasa tuje kwenye kisanduku, mahali ambapo makosa mengi hutokea. Utaona nambari kubwa: 156, 228, 312 au 457. Hizo ni jumla ya miligramu za dawa zote mbili katika kila mililita 5. Katika 457 mna miligramu 400 za amoksilini na 57 za asidi. Katika 228 ni nusu yake, 200 na 28.5. Lakini 312 ina 250 na 62.5, nayo 156 ina 125 na 31.25. Hesabu zenyewe zinaonyesha kwamba uwiano si mmoja. Chupa za 457 na 228 kwa kawaida ni za mara mbili kwa siku, za 312 na 156 mara tatu.

Tuseme daktari ameandika mililita 5 za 457, na kemisti haina ila 312. Mwenye duka anakwambia, "Mama, ni dawa ile ile, mpe mililita 8 tu." Amoksilini itatimia 400, kweli. Lakini asidi itakuwa miligramu 100 badala ya 57, na asidi hiyo ndiyo huchangia sana kuharisha. Ukiambiwa nambari uliyoandikiwa haipo, nenda kemisti nyingine au umrudie daktari aandike upya.

Dawa hii huuzwa ikiwa poda kwa sababu ikishatiwa maji huanza kuharibika. Kama unasafiri mbali kwa matatu, omba usichanganyiwe dukani, bali uonyeshwe namna ya kuchanganya ufikapo nyumbani. Gongagonga chupa ili poda iachane na kitako. Tia maji yaliyochemshwa yakapoa, kwanza kiasi tu, funga na utikise mpaka pasibaki donge. Acha povu litulie, kisha ongeza maji hadi mstari uliochorwa na utikise tena. Ukizidisha maji, kila kijiko kitapungua dawa. Ukiyapunguza, mtoto atapewa kupita kiasi.

Andika tarehe ya siku hiyo kwenye chupa. Dawa nyingi za aina hii hukaa siku 7 tu baada ya kuchanganywa, ndani ya jokofu lakini si kwenye barafu. Soma karatasi iliyo ndani ya kisanduku, kwani kampuni zinaweza kutofautiana. Ukipewa chupa mbili, ya pili ibaki poda mpaka ya kwanza iishe au ifikishe siku zake.

Na asiye na jokofu? Hili halisemwi sana, na nadhani ni kwa sababu wanaoandika maagizo wana majokofu. Mwambie daktari waziwazi. Ikiwa amoksilini pekee yatosha, kuna tembe zake za watoto zinazoyeyushwa kwa maji kidogo kila unapompa, ambazo hazihitaji baridi. Ikiwa mchanganyiko hauepukiki, pengine jirani au duka lenye friji atakuwekea chupa.

Kijiko cha jikoni kiache kwenye sukari. Kimoja huchukua mililita 3, kingine 7, na vyote tunaviita vya chai. Tumia kikombe kilicho ndani ya kisanduku, au bora zaidi sirinji isiyo na sindano, ambayo kemisti huuza kwa bei ndogo. Tikisa chupa kila mara, kwani dawa huzama chini. Mpe mtoto anapoanza kula: tumbo halitasumbuka sana, na asidi huingia mwilini vizuri. Ukisahau, mpe ukikumbuka, lakini usimpe mara mbili kwa mpigo.

Kuhara kidogo ni jambo la kawaida. Endelea na dawa na umpe vinywaji kwa wingi, pamoja na maji ya ORS. Utando mweupe mdomoni nao hutokea, na hutibika. Kuhara damu ni jambo jingine: mrudishe zahanati siku hiyo hiyo. Vipele vikitokea, simamisha dawa na uulize. Mtoto akivimba midomo au uso, au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali bila kungoja. Mara chache sana macho huwa ya manjano na mkojo mweusi, hata majuma kadhaa baada ya dawa kwisha, na mzazi hafikirii tena ile chupa. Mtajie daktari.

Siku alizoandika daktari zikiisha, chupa ikabaki na robo, usiirudishe kabatini kumngojea ndugu yake akohoe. Dawa iliyopita siku zake inaonekana na kunukia kama juzi, ila asidi imekwisha kuvunjika, na mdogo huyo ana uzani mwingine na pengine ugonjwa mwingine. Mrudishie mfamasia aitupe.