Nyangi Naye Afufuliwe

Juzi baada ya Alasiri nilimkuta mpwa wangu Kangemi, katika banda la michezo ya video, kazama katika Tomb Raider.

"Mjomba, huu wa zamani, umefanywa upya."

Naam, ulitoka 1996, ukaundwa upya 2007. Waama, mwaka huo huo, papa hapa Nairobi, Wesley Kirinya alitoa Adventures of Nyangi: binti wa Kiafrika atafutaye vitu vya kale. Picha zake leo zaonekana kavu kama ubao, sikatai. Ndiyo maana nataka aundwe upya, na safari hii afike hata magofu ya Gede.

Nilimuulizia dukani Moi Avenue. Muuzaji akacheka.

"Basi nitamchezea wapi, Mjomba?" mpwa wangu akauliza.