Maji Haya Mlangoni Yatoka Wapi?

Mzee mmoja wa skimu huku Kinangop alifika afisini amekasirika. Maji yametuama mlangoni pake, ukuta wa udongo unapasuka chini, na mkosaji, asema, ni jirani wa upande wa juu. Walikuwa hawasalimiani tena.

Tulikwenda kutazama, Bwana Shamba na mimi. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku nne, na kidimbwi kilikuwa kinapungua. Basi si chemchemi wala bomba lililopasuka, kwani hayo hayangojei mvua. Mpakani mwa jirani nyasi zilisimama wima: hapakupita maji. Tukachimba shimo la futi mbili. Juu udongo mwepesi, chini yake udongo wa mfinyanzi mgumu kama sakafu. Maji hayana njia ya kushuka.

Ndipo tukainua macho. Mabati ya mteremko mmoja, yameelekea mlangoni, na hakuna mfereji! Paa la mita 40 za mraba, likinyeshewa milimita 25, humwaga lita 1,000, yaani mapipa 5 ya lita 200.

Mzee alinyamaza kidogo. Sasa ametia mfereji na tangi, ameinua udongo ukutani uteremke nje, na mtaro wake unamwaga nyasini, mbali na choo na njia ya jirani.