Talaka na Kauli ya Kutendwa

Katika sarufi ya Kiswahili tunayoifundisha shuleni, mwanamume huoa na mwanamke huolewa; mume huacha na mke huachwa. Mwanafunzi akiandika katika insha yake kwamba "Atieno alimwoa Otieno", mwalimu humpigia mstari mwekundu bila kusita. Sarufi haina kosa hapo. Lugha huhifadhi desturi za wenyewe, na desturi za wengi wetu zilimpa mwanamume jukumu la kutenda, mwanamke akabaki katika kauli ya kutendwa. Hatari huja pale jamii inapodhani kwamba sarufi ndiyo sheria, na mke akaamini kwamba talaka ni jambo la kumpata tu, kama mvua ya mawe, asiwe na la kusema.

Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, iliyozikusanya chini ya paa moja ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, haiitambui ndoa ya kutenda na kutendwa. Isipokuwa ndoa ya Kiislamu, ambayo kuvunjwa kwake hufuata sheria ya dini hiyo, mume au mke yeyote anaweza kwenda mbele ya hakimu kuomba talaka, na aliyeombewa anayo haki kamili ya kuipinga. Makala haya yanahusu talaka ya namna hiyo: ile ambayo mmoja anaitaka na mwenzake anaikataa, au wote wawili wanaitaka lakini wanagombania sababu, watoto na mali.

Nimechagua kuyazungumzia haya nikikitazama kituo cha Ogwedhi, katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Narok. Huko Wajaluo, Wakuria, Wamaasai na Wakisii hukutana sokoni na kununuliana mifugo, na Kiswahili ndicho daraja lao. Hata hivyo, hati ya mahakama ikimfikia mtu wa Ogwedhi, kwa kawaida huja kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wanasheria, ambacho hata aliyemaliza chuo hukisoma mara mbili. Mwenye kuipokea huitwaa akaenda nayo kwa mwalimu wa shule ya msingi iliyo karibu, au humwita mtoto wake wa kidato cha nne, akamwambia: "Nisomee, wanasemaje?" Kwa hiyo, msomaji mpendwa, uwe mwalimu au mwanafunzi, msaada wa kwanza wa kisheria kijijini unatoka mkononi mwako, upende usipende. Yafaa ujue unachokisoma.

Tuanze na mila, kwa kuwa ndiko walikoanzia wengi. Miongoni mwa Wajaluo, ndoa hujengwa kwa hatua: huja ayie, ile ridhaa ya mama mzazi wa binti, kisha keny, yaani mahari ya ng'ombe. Kwa jadi, kuvunjika kwa ndoa nako kulikuwa jambo la koo mbili. Wazee waliketi, wakasikiliza, wakajaribu kupatanisha. Iwapo upatanisho ulishindikana, suala la kurudishwa kwa ng'ombe lilijadiliwa, na idadi ya watoto ilizingatiwa katika hesabu hiyo. Utaratibu huo una heshima yake, na sheria haikuutupa. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa kinawaruhusu wanandoa wa kimila kupitia upatanishi wa kijadi kabla mahakama haijaamua ombi la talaka, na anayewapatanisha huandaa ripoti kwa ajili ya mahakama hiyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, inaitambua njia hiyo, ila kwa sharti kwamba isikiuke haki za binadamu.

Lakini mpaka upo. Kikao cha wazee chaweza kupatanisha. Chifu aweza kuandika barua ya kuwatambulisha wahusika. Hakuna kati yao awezaye kutoa amri ya talaka. Mume anayemrudisha mke kwao akiwa na mzee mmoja na maneno matatu, akadhani amekwisha kuachana naye, mbele ya sheria bado ni mume wake. Kadhalika mke aliyerudi kwao miaka mitano iliyopita bado ni mke, hata kama mwingine amekwisha kuingia katika nyumba yake.

Sasa, ombi la talaka huhitaji sababu. Kwa ndoa ya kimila, kifungu cha 69 kinataja uzinzi, ukatili, kutelekezwa, upotovu wa kupindukia, ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika, na sababu yoyote nyingine inayokubalika katika mila za mwombaji. Sababu za ndoa ya Kikristo na ya kiserikali zinafanana sana na hizo. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba Sheria ya 2014, kama ilivyopitishwa, haikuweka talaka ya maafikiano matupu. Hata wanandoa waliokubaliana kuachana kwa amani walitakiwa waende mahakamani mmoja amshitaki mwenzake kwa kosa fulani. Ndiyo maana Mbunge wa Homa Bay Town, Peter Kaluma, aliwasilisha mswada mwaka 2023 akipendekeza talaka kwa ridhaa ya pande zote mbili. Mtu aweza kuukubali au kuukataa mswada huo, lakini hoja yake yaeleweka: sheria inayodai kosa huwafanya watu waliochokana wawe maadui.

Kesi yenyewe huendaje? Mwombaji huwasilisha ombi lake katika mahakama ya hakimu, pamoja na hati ya kiapo inayothibitisha maelezo yake. Aliyeolewa kimila bila cheti hutakiwa kwanza kuthibitisha kwamba ndoa ilikuwapo, na hapo ndipo ushahidi wa wazee, picha za sherehe na maandishi ya mahari huwa na thamani. Usajili wa ndoa za kimila ulianza tarehe 1 Agosti 2017, na mwenye cheti hupungukiwa na mzigo huo. Baada ya ombi kuwasilishwa, mwenzake hupelekewa nakala pamoja na wito. Wito huo hutaja siku ambazo anapaswa kujitokeza na kujibu. Katika jibu lake anaweza kukanusha madai, na anaweza pia kuwasilisha ombi lake mwenyewe dhidi ya mwombaji, aseme: naam, ndoa imevunjika, ila aliyeivunja ni yeye. Hapo kesi huwa imepingwa. Mashahidi huitwa, huhojiwa na pande zote, kisha hakimu huamua. Kwa desturi ya mahakama zetu, amri hutolewa kwanza kwa muda, na baadaye hukamilishwa.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mahakamani mambo ni kinyume. Anayepokea wito akauficha chini ya godoro kwa hofu, au kwa kiburi, humwachia mwenzake uwanja, kwa sababu mahakama ikiridhika kwamba alifikishiwa hati, yaweza kuisikiliza kesi bila yeye. Akija baadaye, atalazimika kuomba amri itenguliwe na kueleza kwa nini hakufika. Kwa hiyo mwalimu anapoombwa kusoma karatasi hiyo, neno la kwanza la kutafuta si shutuma zilizoandikwa ndani. Atafute tarehe, jina la mahakama, nambari ya kesi na siku za kujibu. Shutuma zitangoja; siku hazingoji.

Yafaa pia kuelewa kwamba talaka ni shina lenye matawi. Suala la watoto husimamiwa na Sheria ya Watoto ya 2022, ambayo imechukua nafasi ya ile ya 2001. Kipimo chake ni maslahi ya mtoto, na jukumu la malezi ni la wazazi wote wawili. Mke hapaswi kungoja talaka ikamilike ndipo aombe matunzo ya watoto. Vilevile anayepigwa au kutishiwa, awe mke au mume, hana sababu ya kungoja: Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya 2015 inampa nafasi ya kuomba amri ya ulinzi mapema.

Tawi lenye miiba zaidi ni mali. Kwa muda mrefu mahakama zetu zilitegemea sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa. Bunge letu lilipopitisha Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ndipo tulipoachana nayo. Tofauti ilikuwa kubwa. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeamua kwamba ndoa peke yake haimpi mwenzi nusu ya mali, na kwamba kazi za nyumbani hazikuwa mchango wa kuhesabiwa. Sheria ya 2013 iliandika waziwazi kwamba mchango ni pamoja na kazi za nyumbani, malezi ya watoto, usuhuba, usimamizi wa mali ya familia, na kazi ya shambani. Mwanamke wa Migori aliyepalilia tumbaku au miwa kwa miaka ishirini, huku malipo yakiingia kwa jina la mumewe, sasa ametambuliwa na sheria kwa jembe lake.

Hata hivyo, asije mtu akadhani kwamba kila talaka ni nusu kwa nusu. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba usawa wa wanandoa ulio katika kifungu cha 45 cha Katiba hauwapi nusu moja kwa moja. Kila mmoja huthibitisha mchango wake. Katika kesi hiyo yenyewe, baada ya kuupima mchango, mahakama iliwaachia mume na mke nusu kwa nusu. Funzo lake kwa mwananchi ni la kawaida kabisa: tunza stakabadhi. Risiti ya saruji, ya karo, ya mbolea, na jina la fundi aliyelipwa ni ushahidi. Shamba la ukoo nalo lina hukumu yake, kwa kuwa ardhi iliyo chini ya amana ya kimila si mali ya ndoa. Lakini aliyeiboresha mali isiyo ya ndoa aweza kudai sehemu inayolingana na mchango wake. Na maadamu ndoa ipo, sheria haimruhusu mwenzi mmoja kuiuza mali ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe, wala kumfukuza katika nyumba yao pasipo amri ya mahakama.

Mtu asiye na fedha za wakili afanye nini? Kwanza, mahakama za hakimu zipo karibu kuliko wengi wanavyofikiri: Migori, Rongo, Kehancha, Ndhiwa na Homa Bay zote zina mahakama. Makarani wa masjala hawaruhusiwi kumshauri mtu namna ya kushinda, lakini waweza kumwonyesha hati zinazohitajika na ada zake. Pili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya wasiojiweza, na kesi za madai ni miongoni mwa zile inazoweza kushughulikia. Tatu, shirika la mawakili wanawake, FIDA Kenya, lililoanzishwa mwaka 1985, lina ofisi Kisumu. Pamoja na kuwawakilisha wanawake, huwafundisha namna ya kujiwakilisha wenyewe. Kituo cha Sheria nacho kimekuwa kikiwahudumia maskini tangu 1973. Nne, kanuni za kesi za madai, katika agizo la 33, zinamruhusu fukara kuomba kufungua shauri bila kulipa ada. Ajihadhari tu na wale wanaozurura nje ya mahakama wakijiita mawakili. Wakili wa kweli ana cheti cha mwaka husika, na huandika risiti.

Narudi kwenye lugha, maana ndiyo taaluma yangu. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inasema kwamba lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, na Katiba katika kifungu cha 7 imezipa lugha hizi mbili hadhi ya lugha rasmi. Mtu wa Ogwedhi ana haki ya kuomba ashuhudie kwa Kiswahili, au apewe mkalimani wa Kijaluo au Kikuria. Wengi hawaombi. Huitikia "ndiyo" kwa kila swali ili wasionekane wajinga, na "ndiyo" hiyo huandikwa kuwa ushahidi.

Kwa nini basi shule zetu zifundishe barua rasmi kwa kumwandikia meneja wa kubuni, zisiwafundishe wanafunzi kusoma wito, kiapo na amri? Mwanafunzi atakayejua tofauti ya mwombaji na mjibu ombi, ya amri ya muda na amri kamili, atakuwa na manufaa kwa mama yake kuliko yule aliyekariri methali mia. Nawe mwalimu, ukiletewa karatasi hiyo, fasiri kilichoandikwa bila kupunguza wala kuongeza, usihukumu nani mkosaji, usimwandikie mtu kiapo cha uongo kwa kumhurumia, kisha mwelekeze kwa wakili au kwa masjala siku hiyo hiyo. Sarufi iache iendelee kusema kwamba mke huachwa. Mbele ya hakimu, hakuna anayeachwa kabla hajaulizwa ana neno gani, mradi amejua kwamba ameulizwa.