Meya mwenye mabwana wawili

Meya anayechaguliwa na madiwani huwa na mabwana wawili: wananchi walipao kodi, na wakubwa wa chama waliowashika madiwani mkononi. Siku mabwana hao wakikosana, ndipo hujulikana yeye ni mtumishi wa nani. Leoluca Orlando wa Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sicily nchini Italia, aliyaonja hayo.

Orlando, mwanasheria aliyezaliwa mwaka 1947, alikuwa mshauri wa Piersanti Mattarella, rais wa serikali ya Sicily. Januari 1980 Mattarella aliuawa kwa risasi na genge la Mafia. Genge hilo halikuishi kwa bunduki tu. Lilitajirika pia kwa zabuni na vibali vya ujenzi. Palermo, majumba ya kale yenye fahari yalibomolewa ili kupisha maghorofa ya wenye mkono mrefu. Kwa hiyo, vita dhidi ya Mafia ilibidi ifike mpaka ndani ya ofisi za jiji.

Mwaka 1985 madiwani walimchagua Orlando kuwa meya. Kesi kubwa ya Mafia ilipoanza mwaka 1986, jiji lilijiunga nayo kama upande uliodhulumiwa. Lakini mwaka 1990 wakubwa wa chama chake, Christian Democrats, waliukataa muungano wake na vyama vya mrengo wa kushoto. Akakipoteza kiti, ingawa wapiga kura walikuwa bado wanamtaka. Akakihama chama, akaanzisha chake, La Rete, mwaka 1991.

Mwaka 1992 mabomu ya Mafia yaliwaua mahakimu Giovanni Falcone na Paolo Borsellino. Mwaka uliofuata sheria mpya iliwapa Waitalia haki ya kumchagua meya wao wenyewe. Novemba 1993 Orlando alirudi kwa karibu asilimia 75 ya kura. Safari hii hakuwa na bwana wa kumng'oa kwa simu. Jumba la opera la Teatro Massimo, lililofungwa tangu mwaka 1974, lilifunguliwa tena mwaka 1997.

Je, kura nyingi zatosha? La hasha. Orlando alirudi tena madarakani mwaka 2012, akachaguliwa tena 2017. Lakini alipoondoka mwaka 2022, mamia ya majeneza yalikuwa yamerundikana katika makaburi ya Rotoli, yakingoja kuzikwa. Wafiwa walioahirishiwa mazishi kwa miezi hawakufarijiwa na sifa za vita vya zamani. Mwaka 2024 Orlando alichaguliwa kuingia Bunge la Ulaya. Majeneza yale yalibaki kuwa doa katika historia yake.

Basi, kura ya wananchi humpa meya mgongo wa kusimama mbele ya vigogo. Lakini kura hiyo haizoi taka wala haiziki maiti. Baada ya uchaguzi, wenye mji bado wana kazi ya kuuliza, kila siku, kodi yao imefanya nini.