Mvua, Uzito na Kivuko cha Ukerewe

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipozinduliwa tarehe 19 Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, msafiri anayetoka Mwanza kwenda Geita huvuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache, mvua inyeshe isinyeshe. Kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, hakijapata nafuu hiyo. Gari linalotoka Mwanza huweza kuzunguka Ghuba ya Speke kupitia Bunda hadi Kisorya, ambako hupakiwa kwenye kivuko kinachofunga gati Rugezi. Kwa kuwa barabara hiyo hupita penye lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, inawafaa pia wasafiri wa magari ya kulalia, yaani magari yaliyowekewa kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake.

Mvua ya ziwani ina saa zake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka, pepo za kutoka pande zote za nchi kavu hukutana juu ya maji, na hewa yenye unyevu hupanda na kuwa mawingu ya radi, hata dhoruba nyingi zikawa za usiku wa manane na alfajiri. Kwa hiyo anayewahi kivuko cha kwanza wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuikuta.

Hata hivyo, historia ya ziwa hili inaonyesha kwamba mvua si hatari kuu. Meli ya MV Bukoba ilipinduka tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza ikiwa imezidiwa abiria, na baadhi ya waliokufa walizikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka mchana karibu na gati la kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Vifo hivyo vilikuwa vya kuzuilika, na ni haki ya kila abiria wa visiwani kudai hesabu ya watu na mizigo kabla kamba hazijafunguliwa.

Uzito una hila nyingine, nayo ni mahali unapokaa. Gari la kulalia ni refu kwenda juu, na mara nyingi hubeba vitu darini, hivyo kitovu cha uzito, yaani nukta ambayo uzito wote huhesabiwa kuwa umekusanyika, hupanda. Tangi lililojaa nusu huongeza tatizo, kwa sababu maji yaliyo huru hukimbilia upande unaoinama na kuzidisha kuinama huko. Ndivyo yanavyofanya pia maji ya mvua yanayotuama kwenye sitaha iwapo matundu ya kuyatoa yameziba. Dereva mwangalifu hushusha mizigo ya darini kabla ya safari, hufunga mtungi wa gesi, huvuta breki ya mkono na kuweka kabari magurudumuni.

Kishawishi kikubwa siku ya mvua ni kubaki garini, kwenye kitanda kikavu, milango ikiwa imefungwa. Lakini chombo kikipinduka, milango hiyo hubanwa na maji na magari jirani, ilhali abiria aliyelowa sitahani, akiwa amevaa jaketi okozi, ana nafasi ya kuogelea.