Mashine ya Mayai: Ngojeni Joto Litulie Kwanza

Kuna kikundi cha akina mama ninachokitembelea ambacho kilinunua mashine ya stima ya kuangulia mayai, ile yenye feni. Waliiwasha asubuhi. Kipimajoto kilipofika digrii 37.5 wakapanga mayai yote papo hapo. Joto likashuka. Mweka hazina akaingiwa na wasiwasi, akazungusha skrubu ya themostati kuongeza. Usiku joto likapita 40. Hakuna kifaranga hata mmoja aliyetoka, na pesa za michango zikaenda hivyo. Nilikuwapo siku walipovunja yale mayai. Harufu yake sijaisahau.

Mashine haikuwa mbovu. Walihukumu joto la kipindi cha mpito kana kwamba ndilo la kudumu.

Chukua debe lenye tundu dogo chini, likingie mfereji. Maji yatapanda haraka, kisha polepole, mwishowe yatasimama mahali pamoja ingawa mfereji bado unamwaga. Yanayoingia yamelingana na yanayotoka. Hiyo ndiyo hali tulivu. Ndani ya mashine, taa inaleta joto na kuta zinalipoteza.

Sasa, taa peke yake bila themostati nayo hutulia, lakini si mahali unapotaka. Tuseme inalipasha sanduku digrii 15 kuliko chumba. Mchana chumba kikiwa 22, ndani ni 37. Usiku chumba kikishuka hadi 14, ndani ni 29. Ndiyo maana tunahitaji themostati: joto likizidi inakata saketi, likipungua inaiunganisha tena.

Kwa hivyo hali tulivu ya mashine hii si kusimama tuli. Ni kupanda na kushuka kidogo, kwa mfano kati ya 37.3 na 37.7, saa baada ya saa. Taa kuwaka na kuzimika si hitilafu, jamani! Lakini ikiwa imetulia ikicheza kati ya 36 na 36.5, hilo ni kosa la kudumu, halitaisha kwa kungoja. Hapo ndipo unaposogeza skrubu, kidogo tu, halafu ungoje masaa kadhaa upime tena.

Basi iwasheni ikiwa tupu kwa saa 24. Rekebisheni wakati huo. Mkishaweka mayai joto litashuka, maana mayai ni baridi na yanachukua masaa mengi kupata moto. Msiguse skrubu! Baridi ya muda mfupi yai huvumilia. Joto la kupita kiasi huua upesi.

Wale wenye mashine isiyo na feni wapime usawa wa juu ya mayai, na walenge kama 38.3, kwa sababu hewa ya juu ina joto kuliko ya chini.

Katika wiki ya mwisho ya zile siku 21 mtaona taa inazimika kwa muda mrefu zaidi. Msikimbie kwa fundi. Vifaranga wamekua, nao wanatoa joto lao wenyewe, kwa hivyo mashine inahitaji stima kidogo.

Akina mama wale wamejaza mashine tena. Safari hii skrubu imebandikwa plasta, na kipimo kinaandikwa kwenye daftari kila baada ya saa tatu, hata usiku, kwa zamu.