JENERETA ISIWE NYUMBA YA PANYA

Ndugu mkulima, leo hatuzungumzi juu ya mbegu wala mbolea. Tunazungumza juu ya ile jenereta yako ndogo iliyokaa nje, pembeni ya banda, ambayo wakati wa kiangazi ndiyo inayoendesha pampu ya kumwagilia nyanya na vitunguu. Nguzo za umeme siku hizi zimefika vijiji vingi, lakini bustani ya kando ya mto mara nyingi iko mbali na nguzo. Huko jenereta bado ndiyo tegemeo.

Haya, sasa niambie. Mvua zilipoanza uliizima, ukaifunika gunia, ukasema tutaonana kiangazi. Miezi mitatu baadaye unavuta kamba, inakohoa, inazima. Unavuta tena, inawaka, baada ya dakika chache inazima. Miche iko juani inasubiri maji. Fundi anaitwa, anafungua mfuniko, anatoa nyasi, vipande vya gunia lako lile lile, maganda ya mahindi, na vitoto vya panya vyekundu havijafumbua macho. Hiyo ndiyo shida tunayotaka kuiepuka.

Kwa nini wanyama hawa wapende chuma? Hawapendi chuma. Wanapenda mahali pakavu, penye giza, pasipo na upepo, karibu na chakula. Jenereta iliyozimwa jioni hubaki na joto kwa muda, na mjusi akilijua joto hilo hahami. Panya naye hana budi kutafuna, maana meno yake ya mbele hayaachi kukua. Kwake yeye plastiki ya waya ni kitu cha kutafuna kama kingine. Tena yule panya shamba, ambaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro wamemchunguza kwa miaka mingi, jike lake huweza kuzaa watoto 10 na zaidi kwa mara moja, na huongezeka sana baada ya mvua nzuri, nafaka ikiwa tele. Hesabu mwenyewe: panya wanapozidi kuwa wengi, ndipo jenereta yako imelala.

Injini hizi ndogo hazipozwi kwa maji, zinapozwa kwa upepo. Nyuma ya ile kamba unayovuta kuna feni. Feni hiyo huvuta upepo na kuupitisha kwenye mapezi ya silinda. Panya akijaza nyasi hapo, injini inaweza kuwaka vizuri kabisa, nawe ukaondoka kwenda kufungulia maji mfereji wa pili, kumbe ndani joto linapanda. Mwisho pistoni inakwama, au nyasi zile zinashika moto hatua moja tu kutoka kwenye tangi la petroli.

Mwingine wa kuangaliwa ni nyigu yule mwembamba anayejenga kwa tope. Huyu si mkali, na wengi hawamjali. Lakini anatafuta tundu, anaweka buibui aliowakamata, anataga yai, kisha anaziba kwa tope. Tundu analolipenda laweza kuwa mdomo wa eksozi, au kile kitundu kidogo kwenye mfuniko wa tangi. Kitundu hicho si kasoro ya kiwandani. Kazi yake ni kuingiza hewa ili petroli iweze kushuka. Kikizibwa na tope au utando wa buibui, jenereta itawaka, itakwenda dakika chache, itazima kama iliyoishiwa mafuta, na tangi limejaa. Dalili ni hii: ikizima, iache ipoe, kisha ufungue mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa inaingia kwa mlio wa fyuu, na baada ya hapo ikawaka tena bila taabu, mchawi ni kitundu. Usinunue plagi mpya bure. Uondoe mfuniko kabisa, uuzibue kwa waya mwembamba ukiwa mbali na tangi, tope lisije likaangukia ndani.

Jambo la waya ni zito zaidi. Waya uliotafunwa na panya unaweza kuanzisha moto, na unaweza kumuua mtu. Fikiri ule waya mrefu unaoshuka mtoni kwenye pampu, umelala majanini, na wewe umesimama kwenye tope bila viatu. Kabla ya kuwasha msimu mpya, upitie waya wote kwa macho na mkono, jenereta ikiwa imezimwa. Ukikuta umechubuliwa mpaka shaba inaonekana, usiufunge kwa kipande cha naili. Ukatwe na kuungwa na fundi, au ununuliwe mwingine. Unapoweza, upitishe waya kwenye bomba la chuma sehemu ile ya bandani.

Utasema, basi nitaziba matundu yote, au nitaiingiza jenereta ndani ya nyumba. Hapana ndugu yangu! Usiendeshe jenereta ndani ya nyumba, wala jikoni, wala barazani penye dirisha, hata kwa saa moja. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu wamelala wasiamke. Iwe umbali wa mita 6 au zaidi kutoka milango na madirisha, na eksozi itazame upande mwingine. Ukiogopa wezi, iingize stoo usiku ikiwa imezimwa na imepoa, siyo chumba cha kulala wala karibu na moto wa jikoni. Na matundu ya mashine yenyewe usiyazibe, kwa sababu ndiyo pua yake. Hata wavu wa mbu ukiubandika juu ya tundu la upepo, vumbi litauziba katika siku chache, na injini itaungua.

Kinachozibwa ni kibanda, mashine inaachwa ipumue. Jenga sakafu ya saruji iliyoinuka kama sentimeta 15 juu ya ardhi. Nguzo ziwe za chuma kama uwezo upo, maana za mti mchwa watazikuta. Paa ni bati. Pande zote zungushia wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6. Wavu wa kuku haufai: tundu linaloingiza penseli, panya mdogo anapita. Wavu ushikamane na sakafu pasiwe na upenyo, na chini ya mlango upigilie ukanda wa bati. Kati ya mashine na wavu acha nafasi ya kutosha, ukiweza mita 1 kila upande, upepo uingie huku na kutokea kule. Moshi nao utoke nje, usizunguke mlemle.

Kuzunguka kibanda ukwatue majani upana wa mita 1 au 2, umwage kokoto. Panya hapendi kuvuka mahali peupe, anamwogopa paka na bundi. (Najua wengi wetu tukimsikia bundi tunachukua mawe. Huyo bundi usiku kucha anakufanyia kazi bila mshahara.) Magunia ya mahindi na pumba yasikae humo hata siku moja. Mitego iwekwe kando ya ukuta, ndipo panya anapopita. Sumu mimi siipendi hapa. Panya aliyekula sumu hufia ndani ya mashine, au kuku na paka wako wanamkuta.

Asiyekuwa na fedha za wavu afanye hivi. Jenereta ikishapoa, iinuliwe juu ya kichanja imara, miguu ya kichanja isimame kwenye makopo yenye maji na oili chafu kidogo, kama mama zetu walivyofanya na kabati la chakula. Sisimizi hawatavuka, na oili itazuia mbu wasizaliane humo. Mdomo wa eksozi uufunike kwa kopo tupu, na mfuniko wa tangi uufunge kitambaa safi. Halafu chukua utepe mwekundu uufunge kwenye kamba ya kuwashia. Utepe huo unakwambia: ondoa kopo na kitambaa kwanza. Bila utepe utasahau, wote tunasahau. Majivu usimwage karibu, feni itayavuta ndani. Dawa ya kupuliza usiipulize kwenye injini yenye moto, nyingi huwaka.

Hata wakati wa mvua iwashe kila wiki mbili, robo saa, ikiwa na mzigo. Unyevu unakauka, na mpangaji anafukuzwa kabla hajazaa. Lakini kabla ya kuvuta kamba, gonga ubavu wa mashine kwa fimbo, ungoje kidogo, umulike kwa tochi. Palipo na panya nyoka huja, na mkono wa mtu usitangulie mahali ambapo jicho halijafika. Ukikuta siafu wanapita, waache wapite, kesho hutaona mende wala kitoto cha panya. Ukikuta nyuki wametua, usiwafukize moshi karibu na petroli. Mwite mfuga nyuki, aje jioni na mavazi yake.

Na kiota cha panya usikifagie kikavu. Mkojo wa panya huleta magonjwa, homa ya mgunda mojawapo. Zima mashine, uchomoe waya wa plagi, ufunge mfuko wa naili mkononi, ukilowanishe kiota kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu, ukitoe chote na kukifukia. Kisha ufungue chujio la hewa. Ukikuta sponji imetobolewa, usiwashe kabla hujapata nyingine, maana vumbi litakaloingia hapo litakula silinda katika muda mfupi.